Hivi ramani ya matukio inaweza kweli kuonyesha muuaji anaishi wapi?

#1 Mwanaramani

Wakuu salaam.

Nimekuwa nasoma habari za Kim Rossmo, polisi wa Vancouver, Kanada, aliyepata shahada ya uzamivu ya mambo ya uhalifu mwaka 1995 pale Chuo Kikuu cha Simon Fraser huku bado akiwa kazini. Anachodai ni kwamba mhalifu anayerudia-rudia hachagui sehemu hivihivi tu. Ukipata matukio kama matano ya mtu yuleyule ukayachoma kwenye ramani, kompyuta inapita kila kipande cha ramani na kukupa uwezekano wa kila kimoja kuwa ndiko jamaa anakoishi. Inasimuliwa kuwa fomula ilimjia 1991 akiwa ndani ya treni ya mwendokasi huko Japani, akaichora kwenye karatasi ya kufutia mikono.

Mantiki yenyewe si ngumu. Mtu hasafiri mbali bila sababu, kwa hiyo kadiri unavyotoka kwake ndivyo matukio yanavyopungua. Lakini pia hachafui mlangoni pake, kwa hiyo kuna ukanda mtupu kuizunguka nyumba. Ukiweka yote mawili pamoja, kila tukio linachora kitu kama pete, na pale pete zinapopandana kwa wingi ndipo unapoanza kubisha hodi.

Sasa wajuvi, hii ni sayansi au ni chai? Na kama inafanya kazi, inafanya kazi kwa nini? Nawasilisha.

#2 Chapa Ilale

Siti ya mbele kabisa. Nimekuja na shuka.

#3 Sajini Mstaafu

Chai, tena ya rangi.

Nimefanya upelelezi hadi nikastaafu, sijaona kompyuta ikifunga mtu pingu. Tuwachukue hawa wauaji mnaopenda kuwasoma. Berkowitz wa New York, 1977: alinaswa kwa sababu ya tiketi ya kuegesha gari vibaya. Sutcliffe wa Yorkshire, Januari 1981: askari wa doria Sheffield waliona namba za gari si za gari lile. Dennis Rader wa Kansas, 2005: alijituma mwenyewe kwa polisi ndani ya disketi. DeAngelo wa California, 2018: vinasaba vya ndugu zake wa mbali. Ramani iko wapi hapo? Anayekamata ni askari mwenye macho na mhalifu mwenye kiburi, basi.

#4 BintiTakwimu

Sajini shikamoo. Kwa heshima zote, umeipa ramani kazi ambayo wenyewe hawajawahi kusema inafanya. Hakuna anayedai inakamata. Inapanga foleni.

Tuseme una majina elfu kumi ya washukiwa na wapelelezi kumi na wawili. Utaanza na nani? Alfabeti? Ramani inakwambia anza na wa huku, kisha wa kule. Ndiyo maana kipimo chao si "imepatia au imekosea". Wanauliza: ungepekua asilimia ngapi ya eneo kabla hujaufikia mlango wake? Ukibahatisha, kwa wastani utapekua nusu.

Na mfano upo. Uingereza kulikuwa na mbakaji, Clive Barwell, matukio yake yalianza 1982 na kuendelea hadi katikati ya miaka ya 90 katika miji tofauti. Walikuwa na kipande cha alama ya kidole, kibovu kiasi kwamba kompyuta ya wakati ule haikuweza kukitafuta, ikabidi mtu akae na lenzi apitie majalada moja moja. Ramani ya Rossmo, iliyotumia pia maduka ambako kadi ya benki ya mwathirika ilitumika baada ya kuibwa, ikaelekeza Leeds na kusema majalada ya vituo gani vya polisi yaanze. Jina likatoka humo, 1998. Ni kidole kilichomfunga, nakubali. Ila bila kujua kabati lipi lifunguliwe kwanza, kidole kile kingekaa hapo mpaka leo.

Rossmo mwenyewe hupenda kueleza hivi: ukikuta nyasi zimelowa huwezi kujua tone lijalo litaanguka wapi, lakini kifaa kinachomwagia maji unaweza kukadiria kimesimama wapi.

#5 Nusu Shari

Sajini kashikamoolewa halafu kachinjwa. Adabu ya kisasa hiyo 😂

#6 Kobe Mzee

Sajini umemtaja Sutcliffe, nami sitaliacha lipite, maana kesi hiyohiyo inakugeukia.

Desemba 1980, mwezi mmoja kabla ya askari wa Sheffield kuona namba bandia, mtaalamu wa sayansi ya jinai aitwaye Stuart Kind alikuwa kwenye jopo la kuwashauri polisi waliokuwa wamekwama. Wanawake 13 walikuwa wameshauawa tangu 1975. Kind akachukua matukio, akatafuta kitovu: ile nukta ambayo ukivuta uzi kutoka pale hadi kila tukio, jumla ya nyuzi inakuwa fupi kuliko ukiwa nukta nyingine yoyote. Kikadondokea upande wa Bradford. Na hakuishia hapo, akaangalia saa. Mtu anayetaka kurudi nyumbani bila maswali akienda mbali atafanya mapema, akiwa karibu na kwake anaweza kuchelewa. Akazikuta saa zinaangukia hivyohivyo. Akaandika kwamba mtu huyu anaishi eneo la Bradford, pengine kati ya Manningham na Shipley.

Sutcliffe alikuwa anaishi Heaton, Bradford. Katikati hapo.

Unajua kwa nini polisi hawakuwa wanaangalia Bradford? Kwa sababu 1979 walipokea kaseti ya mtu anayejiita muuaji, lafudhi ya Sunderland, na bosi mkubwa akaiamini. Ilikuwa utapeli, aliyeirekodi alikamatwa 2005. Sutcliffe alihojiwa mara tisa akaachiwa, na baada ya kaseti, kutokuwa na lafudhi ya huko kulimsaidia. Kwa hiyo swali halikuwa ramani dhidi ya askari mwenye macho. Askari wenye macho walikuwepo wengi sana, wakiangalia mji mwingine.

#7 Sajini Mstaafu

Kobe, mzee mwenzangu, umeeleza vizuri ila umeruka kitu. Bradford ilikuwa mezani tangu 1977 bila uzi wala kitovu. Mwathirika wa Manchester alikutwa na noti mpya ya pauni 5 kwenye mkoba, ikafuatiliwa hadi benki, kutoka benki hadi mishahara ya makampuni ya upande wa Bradford na Shipley. Sutcliffe alikuwa dereva wa kampuni mojawapo. Walimhoji kwa sababu ya noti! Huo ni upelelezi wa miguu. Kind alikuja miaka mitatu baadaye kuwaambia walichokuwa nacho kwenye faili.

#8 Kobe Mzee

Sasa hapo umenisaidia, mkuu. Noti inasema Bradford, kitovu kinasema Bradford, kaseti inasema Sunderland. Mawili kwa moja. Shida ni kwamba hakuna aliyeziweka meza moja.

#9 Swali Moja

Samahani wakuu, mimi mgeni kwenye haya mambo. Kama kazi ni kutafuta katikati tu, si mtu anachukua rula anamaliza? Programu za nini?

#10 BintiTakwimu

Swali zuri, na limewagombanisha maprofesa.

Kuna David Canter, mwanasaikolojia wa Uingereza, yule aliyewasaidia polisi kwenye kesi ya mbakaji wa reli, John Duffy, 1986, akakadiria na eneo la London analoishi. Mwaka 1993 yeye na mwenzake walichapisha kitu rahisi mno: chukua matukio mawili yaliyo mbali zaidi, chora duara ambalo umbali kati yake ndio kipenyo, jamaa anaishi ndani. Kwa wabakaji 45 wa Uingereza, asilimia 87 walikuwa ndani kweli. Wale walio ndani ya duara lao akawatenga na wanaotoka nje kuja kuwinda. Tuwaite wakazi na wasafiri.

Inavutia, sivyo? Sasa piga hesabu. Matukio mawili ya mbali yakiachana kilomita 20, duara lina nusu kipenyo cha kilomita 10, yaani eneo la kilomita za mraba 314. Hapo unaweza kuwa na watu milioni. Umeambiwa muuaji yumo mjini. Ahsante sana!

Baadaye, 2004, watafiti wengine wakawafundisha wanafunzi sheria mbili: wengi wanaishi ndani ya duara, na wengi wanaishi karibu na matukio. Wakawapa ramani na kalamu waweke alama ya X. Waliofundishwa wakakaribiana na kompyuta. Rossmo akaja juu, hoja yake ikiwa kwamba kupima umbali kutoka X moja hadi nyumbani si kupima kazi yenyewe, kwa sababu programu haitoi X, inatoa mpangilio wa eneo zima, wapi pa kwanza na wapi pa mwisho. Wao wakajibu kwamba akilete kipimo chake wapimane. Wamekaa hivyo.

#11 Chapa Ilale

Kwa hiyo rula na programu ni sare. Endeleeni, shuka bado lina joto.

#12 Mlinzi wa Zamu

Mimi nitaleta la kwangu. Niliwahi kuwa mlinzi kwenye chuo kimoja chenye mabweni yaliyotawanyika. Kompyuta za wanafunzi zikaanza kupotea, bweni hili, kisha lile. Kijana wetu mmoja wa ofisini, mpenda ramani kama mtoa mada, akachora. Ikaonekana wazi: yote yanazunguka bweni fulani, na bweni lenyewe halijaguswa hata mara moja. Uongozi ukashangilia, chumba kwa chumba kikapekuliwa pale, vijana wakadhalilika mbele za wenzao. Hakuna kitu.

Mwizi alikuja kukamatwa kwa mkono wa mwanafunzi aliyerudi chumbani ghafla. Hakuwa akiishi chuoni. Alikuwa anafanya kazi jiko lililo nyuma ya bweni hilohilo. Ametoka zamu, ana begi, anapita.

Kwa hiyo ramani ilisema kweli au uongo? Mimi mpaka leo sijui niiweke upande gani. Ninachojua ni wale vijana waliopekuliwa.

#13 Mwanaramani

Mlinzi, hii ni nondo. Kwa lugha yao ramani ilipatia: haitafuti "nyumbani", inatafuta mahali mtu alipofunga kamba yake. Panaweza kuwa kazini, kwa mama yake, kwa mpenzi, hata nyumba aliyohama.

Lile la kuhama lilitokea kweli Lafayette, Louisiana. Mbakaji aliyesumbua miaka mingi. Rossmo akachora, polisi wakabana msako kwenye eneo lile. Baadaye ikaja taarifa ya siri kumtaja Randy Comeaux, naibu sherifu wa hapohapo. Anwani yake haikuingia kwenye eneo. Walipochimba faili la ajira wakakuta wakati wa matukio alikuwa akiishi kwingine, na kule kwingine ndiko ramani ilikokuwa imepaka rangi nyekundu. Wakaokota kipisi cha sigara yake, vinasaba vikasema ndiye.

#14 Mlinzi wa Zamu

Kwa hiyo ikipata nyumbani imepatia, ikipata kazini imepatia, ikipata nyumba ya zamani imepatia. Hii ramani haina siku mbaya?

#15 Nusu Shari

😂😂 Mlinzi funga uzi tuondoke.

#16 Kiberenge

Hajafunga. Nataka kurudi kwenye #1, ile habari ya kutochafua mlangoni. Kila mtu kaipitisha kama vile imethibitishwa. Mimi naona ni jiometri tu imevaa koti la saikolojia.

Chora duara la kilomita 1 kutoka nyumbani kwa mtu. Eneo lake ni kilomita za mraba kama 3.1. Sasa pete ya kutoka kilomita 1 hadi 2: 9.4, mara tatu yake. Kutoka 2 hadi 3: 15.7, mara tano. Windo nalo liko humo, sivyo? Hata kama jamaa haogopi chochote, anachagua tu kwa uvivu, pete ya pili ina nafasi mara tatu ya ile ya kwanza. Ukihesabu matukio kwa umbali utaona machache karibu, mengi kidogo mbele, halafu yanapungua. Lile "pengo" karibu na nyumba limetokea lenyewe, hakuna hofu ya jirani. Gawa kwa eneo kwanza, ndipo uniambie kama pengo bado lipo.

Na kama hofu ndiyo sababu, nieleze Rader. Mwaka 1985 alimuua mwanamke wa mtaa wake huohuo, Park City. Jirani kabisa!

#17 Mwanaramani

Rader ni mmoja mkuu. Sheria haivunjwi na mmoja.

#18 Kiberenge

Haivunjwi, ila fomula inavunjika, maana haijui kwamba huyu ni Rader. Inampunguzia alama kila anayeishi karibu kabisa na tukio.

#19 Mama Wawili

Nyie wanaume mnahesabu kilomita tu. Mwenye kutenda hakai kwenye kilomita, anakaa kwenye njia zake za kila siku. Nyumbani, kazini, anakokunywa, na barabara zinazounganisha. Paul na Patricia Brantingham, walimu wa huyo Rossmo, walilisema hilo zamani: mtu anatenda pale ambapo sehemu anazozifahamu zinakutana na windo. Sehemu asizozijua hazimo kichwani mwake, hata zikiwa mita mia mbili tu upande wa pili wa reli.

Kwa hiyo lile pengo mnalogombania linaweza kuwa si hofu wala jiometri. Mtaa wa makazi hauna anachotafuta, mchezo umeisha. Kama anawinda wanaosimama barabarani usiku, na mtaani kwake hawasimami, utaona pengo. Wakihamia mtaani kwake, pengo litafutika.

#20 Kiberenge

Mama Wawili nakubali nusu. Lakini hapo umeiua programu kabisa, kwa sababu fomula ya Rossmo inachukulia windo limesambaa sawasawa. Barabara inazihesabu kidogo kwa kupima umbali wa kwenda na kukata kona kama mitaa ya miraba, badala ya kupaa kama ndege. Mto wenye daraja moja haiujui.

#21 Chongoe

Mnabishana nini, huyu Rossmo si ndiye aliyemkamata yule mfuga nguruwe wa Kanada? Ushahidi gani tena mnataka?

#22 Kobe Mzee

Hapana, Chongoe. Ungesema kinyume chake ungekuwa karibu zaidi na ukweli.

Wanawake walikuwa wanapotea Downtown Eastside, Vancouver, wengi wao maskini, wengi wa jamii za asili. Mwaka 1998 Rossmo, akiwa ndani ya jeshi lilelile la polisi, alitaka umma uonywe kwamba pengine kuna muuaji wa mfululizo. Wakubwa wake wakakataa; walisema hao wamehama tu, watarudi. Mkataba wake haukuongezwa baada ya mwaka 2000, akaenda mahakamani, akashindwa. Robert Pickton akakamatwa 2002, shamba lake Port Coquitlam. Vinasaba vya wanawake 33 vilipatikana pale. Alihukumiwa 2007 kwa mauaji ya sita. Tume ya Wally Oppal ilipotoa ripoti 2012 iliandika kurasa na kurasa juu ya polisi kushindwa.

Lakini soma vizuri: hoja ya Rossmo pale haikuwa pete wala duara. Ilikuwa hesabu ya kawaida, kwamba idadi ya wanaopotea imezidi inavyotegemewa na hawapatikani hai. Asingeweza kuchora. Hakukuwa na miili. Kilichojulikana ni mahali walipoonekana mara ya mwisho, na wote walionekana mitaa ileile michache. Ungechoma pini hizo ukatafuta kitovu ungedondokea katikati ya Downtown Eastside, na Pickton alikuwa kilomita kama 30 mashariki, kwenye nguruwe wake.

#23 Sajini Mstaafu

Hapo Kobe umenigusa. Wakubwa kukataa sijashangaa hata kidogo. Ukileta karatasi inayosema tuna muuaji wa mfululizo, umeleta karatasi inayosema tumelala. Nani ataisaini?

#24 Chongoe

Sawa, ila aliona kabla ya wote.

#25 BintiTakwimu

Aliona, ndiyo. Na ule ndio mtego wa wasafiri. Pickton anaenda mjini kuchukua, anarudi shambani. Berkowitz alikuwa Yonkers, anashuka na gari Bronx, Queens, Brooklyn. Moses Sithole wa Afrika Kusini, aliyehukumiwa miaka 2,410 mwaka 1997 kwa mauaji 38 na ubakaji 40, miili ilipatikana Atteridgeville karibu na Pretoria, na Boksburg na Cleveland upande wa Johannesburg, kilomita kama 50 kutoka Atteridgeville. Aliwadanganya wanawake kwa ahadi ya kazi, akawaongoza yeye mwenyewe hadi alikotaka. Ukichanganya makundi yale ukachora kitovu kimoja, unamtafuta porini katikati ya miji miwili.

Na wale wadunguaji wa Washington, Oktoba 2002, ni kichekesho kichungu. Watu kumi wameuawa, Rossmo kaitwa, ramani imechorwa. Muhammad na Malvo walikuwa wanalala ndani ya gari. Walikamatwa wamelala humo, kwenye kituo cha kupumzikia cha barabara kuu. Utachora pete kuzunguka gari lao, Caprice?

#26 Nusu Shari

Na wakati huo nchi nzima inatafuta gari jeupe la mizigo. Caprice yenyewe ilikuwa ya bluu.

#27 Daktari wa Mbu

Habari wakuu. Natoka upande mwingine kabisa, afya ya jamii. Fomula hii huku kwetu haibishaniwi kama hivyo, labda kwa sababu mbu hana wakili.

Wagonjwa wa malaria unawachukulia kama "matukio", mazalia ya mbu ndiyo "nyumba ya muuaji". Mwaka 2011 walijaribu kwa wagonjwa wa Cairo: kwa anwani za wagonjwa tu, hesabu ikayaweka madimbwi yenye viluwiluwi vya Anopheles, mbu wa malaria, juu kwenye orodha ya pa kupekua. Wakairudia na kipindupindu cha London cha 1854, kile ambacho daktari John Snow alikifuatilia hadi pampu ya maji ya Broad Street, na pampu hiyo ikatokea ya kwanza. Papa weupe nao wamechorwa, pale Seal Island, False Bay, Afrika Kusini, kwa sehemu walizokamatia sili. Ikaonekana papa wakubwa wana kijiwe chao maalumu cha kuanzia mawindo na wanapata zaidi, wadogo wanatangatanga.

Mbu hasomi magazeti wala hahami nyumba baada ya kutajwa redioni. Nadhani ndiyo sababu kwetu inakaa vizuri.

#28 Kiberenge

Daktari umeniletea silaha. Nyuki wale wakubwa wenye manyoya nao huruka maua yaliyo karibu kabisa na kiota, wanaanzia mbele kidogo. Nyuki anaogopa jirani atamtambua?

#29 Daktari wa Mbu

Taratibu mkuu. Wapo wanaosema anaficha kiota kwa maadui wanaofuata nyuki hadi nyumbani. Hiyo ni hofu pia, ya aina yake. Silaha inakata pande zote mbili.

#30 Mama Wawili

Au maua ya karibu yameshanyonywa na ndugu zake. Narudia: mtaani hakuna anachotafuta.

#31 Kobe Mzee

Mkishatoka kwa nyuki, kuna kesi moja hunikera kila nikiifikiria. Berlin, vita vya pili. Otto na Elise Hampel, mume na mke, wafanyakazi wa kawaida. Kaka wa Elise kafa vitani 1940, wakaanza kuandika kadi za posta kwa mkono, watu wamkatae Hitler, wanaziacha kwenye ngazi za majengo. Miaka miwili, zaidi ya kadi 200. Gestapo, polisi wa siri wa Hitler, wakawa na ramani ukutani, kila kadi iliyosalimishwa imechomewa alama yake. Walinyongwa? Hapana, walikatwa vichwa, gereza la Plötzensee, Aprili 1943.

Mwaka 2014 Rossmo na wenzake walizipitisha zile sehemu kwenye programu, na nyumba ya akina Hampel ikatokea sehemu za juu kabisa. Walisema lengo ni kuona kama njia hii inaweza kuzuia ugaidi kwa kuanzia na makosa madogo kama vipeperushi. Mimi nikajiuliza, kumbe chombo hiki kingekuwepo 1941, wangekamatwa mapema zaidi.

#32 Sajini Mstaafu

Chombo hakijui nani anakishika. Hata pingu hazijui.

#33 Swali Moja

Nina jingine. Sasa mhalifu akisoma uzi huu, si atakwenda kutenda upande wa pili wa mji makusudi ili duara lianguke kwa mtu mwingine?

#34 Nusu Shari

Mods mchunguzeni Swali Moja. Mgeni halafu anauliza hilo.

#35 BintiTakwimu

😂 Ataweza, ila ilibidi aanze tangu tukio la kwanza, na tukio la kwanza kwa kawaida halijapangwa hivyo. Mengi ya mwanzo huwa karibu na nyumbani, kabla hajapata uzoefu. Zaidi ya hapo, hatujui waliofanikiwa. Hesabu hizi zote, 87 na nyinginezo, zimetoka kwa waliokamatwa. Wanaotenda karibu na kwao ni rahisi kukamatwa, wakikamatwa wanaingia kwenye takwimu, takwimu zinasema wahalifu hutenda karibu na kwao. Kiberenge, hilo nalo liongeze kwenye jiometri yako.

#36 Mwanaramani

Kwa hiyo tuna hofu ya jirani, jiometri, njia za kila siku, na sasa waliokamatwa ndio wanaohesabiwa. Naona kila mtu ana pete yake.

#37 Kobe Mzee

BintiTakwimu, la matukio ya mwanzo lishike vizuri. Mwaka 1975, kabla ya mauaji ya kwanza, Sutcliffe alishambulia Keighley, Halifax, na kijiji cha Silsden. Wa Silsden alikuwa binti wa miaka 14, alitembea naye barabarani wakiongea kabla hajampiga, akaishi, akawaeleza polisi sura hadi wakachora picha inayofanana naye hasa. Hawakumhesabu, kwa sababu hakuwa aina ya mwathirika waliyokuwa wameamua muuaji anaitaka. Sutcliffe alikiri 1992.

Ndiyo maana nawaambia msigombanie fomula sana. Mwenye kuamua pini ipi iingie ukutani na ipi ibaki kwenye kopo amefanya nusu ya hesabu kabla kompyuta haijawashwa.

#38 Kiberenge

Silsden iko kaskazini-magharibi ya Bradford. Ukiiongeza, kitovu cha Kind kinavutwa upande huo. Kiasi gani?

#39 Mwanaramani

Nitapiga hesabu mara mbili, pamoja na Silsden na bila, kwa njia ya nyuzi na kwa pete. Mahali ilipo Heaton panajulikana, tutaona ipi inakaribia.

#40 Sajini Mstaafu

Na noti ya pauni 5 uiweke.

#41 Mwanaramani

Noti naiwekaje kwenye ramani mkuu? Ilikutwa Manchester, ikalipwa mshahara upande wa Bradford. Nichome wapi?

#42 Nusu Shari

Choma kote kote. Leta picha, maneno tumeshiba.